Jinsi ya kutengeneza infografiki inayoeleweka: twende na namba za Sensa 2022, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nitumie programu gani? Mbona chati yangu imejaa rangi kama duka la kanga lakini hakuna anayeielewa? Mbona bosi kaiangalia sekunde mbili kaniambia "we nitumie jedwali tu"? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii halafu nalala zangu.

Mwongozo huu wa infografiki, yaani picha moja inayoeleza namba kwa chati na maneno machache, ni wa mtu anayeanza kabisa. Mtendaji wa kata mwenye taarifa ya kubandika ukutani, katibu wa kikoba, mwalimu, mwanafunzi wa chuo mwenye ripoti, kijana wa kwenye mradi aliyeambiwa Ijumaa saa kumi jioni "tengeneza kitu kizuri cha kupost Jumatatu". Hujui Photoshop? Vizuri, hata hatuihitaji.

Mfano nitakaotumia mwanzo mwisho ni Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ile ya kuhesabiwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Nimeichagua kwa sababu namba zake ziko wazi kwa kila mtu, na pia kwa sababu ina mitego mingi mizuri ya kujifunzia. Ukiiweza hii, za mauzo ya duka na za mahudhurio ya shule utaziona mchezo.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Laptopu au simu janja. Simu inatosha ila macho yatauma.
- Excel au Google Sheets. WPS ya kwenye simu nayo inafanya kazi.
- Canva ya bure, programu ya kupangia picha na maandishi. Ukitaka chati tupu zilizo safi bila kuhangaika, Datawrapper nayo ina huduma ya bure na inafunguka kwenye browser.
- Karatasi, penseli na rula. Usicheke, rula utaitumia kweli.
- Namba zenyewe, kutoka kwa aliyezihesabu.
- Mtu mmoja wa kumjaribishia ambaye hajui chochote kuhusu kazi yako. Mdogo wako, mama mdogo, fundi anayesubiri umlipe, yeyote.

Kama hauna namba mkononi na una templeti tu nzuri umeiona Canva, funga hiyo Canva kwanza. Nasema kweli. Wengi wanaharibikia hapo, wanachagua templeti yenye maboksi sita halafu wanaanza kutafuta vitu vya kujaza maboksi sita.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Chukua karatasi uandike kitu unachotaka mtu aondoke nacho. Sentensi moja, yenye kitenzi, ambayo unaweza kumwambia mtu kwenye daladala na akakuelewa.

"Takwimu za idadi ya watu Tanzania" hiyo siyo sentensi, hilo ni jina la faili. Sentensi ni kama hii:

*Watu 30 kati ya kila 100 Tanzania wanaishi kwenye mikoa mitano tu.*

Umeona tofauti? Sasa nimeshajua nahitaji namba gani (mikoa mitano na jumla ya nchi), nimeshajua nini kitang'aa kwenye picha, na nimeshajua vitu gani naviacha. Wastani wa watu kwa kaya ni habari nzuri lakini hauna kazi kwenye sentensi hii, kwa hiyo nje. Jinsia, nje. Umri, nje. Utaumia kuvitupa hasa kama umevitafuta usiku kucha, ila vitupe, vitengenezee picha nyingine.

Sentensi ikikataa kuandikika basi bado haujaelewa namba zako, rudi kwenye jedwali ukae nalo kidogo. Mimi hatua hii huwa inanichukua muda kuliko zote zilizobaki na sioni aibu kusema.

Hatua ya 2: Chukua namba kwenye chanzo, kisha zihakiki

Kwa sensa chanzo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, na kwa Zanzibar kuna Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Usichukue namba kwenye skrinshoti ya status ya mtu. Usichukue kwenye posti ya mtu aliyeitoa kwenye posti ya mtu.

Namba zetu hizi hapa:

- Tanzania nzima: 61,741,120
- Dar es Salaam: 5,383,728
- Mwanza: 3,699,872
- Tabora: 3,391,679
- Morogoro: 3,197,104
- Dodoma: 3,085,625

Ziandike Excel, safu moja mkoa, safu ya pili idadi. Halafu kabla ya kufanya lolote jumlisha. Mikoa mitano inatoa 18,758,008, gawanya kwa 61,741,120, unapata 0.304 hivi, yaani 30 kati ya 100. Sentensi yetu imesimama.

Kuna njia nyingine ya kujihakiki ambayo naipenda sana: tafuta namba mbili ambazo lazima zijumlike kuwa ya tatu. Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773, jumlisha. Wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130, jumlisha. Zote mbili zinatua palepale kwenye 61,741,120. Zisipotua ujue umekosea kuandika tarakimu mahali, na ni afadhali uigundue wewe kuliko aigundue mtu wa kwenye grupu lenye watu 400.

Angalia mtego huu. Ukitaka kulinganisha mikoa ya 2012 na ya 2022 kuwa makini mno. Songwe ilikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sasa ukichukua Mbeya ya 2012 ukaiweka pembeni ya Mbeya ya 2022 utaandika kichwa cha habari kwamba watu wameikimbia Mbeya, kumbe hakuna aliyehama, ni mpaka ndio umehama. Mambo haya yapo kila mahali, kata zinagawanywa, shule zinapandishwa hadhi, duka linafungua tawi. Kila unapolinganisha miaka miwili jiulize kwanza kama kitu kinacholinganishwa bado ni kilekile.

Hatua ya 3: Chagua chati kulingana na swali

Hapa watu wanapenda nadharia ndefu, mimi nakupa ya kutumia.

Unalinganisha nani mkubwa nani mdogo? Chati ya baa, zile nguzo nguzo. Majina yakiwa marefu zilaze, ili "Dar es Salaam" isomeke bila mtu kupinda shingo.

Unaonyesha kitu kinavyobadilika miaka inavyoenda? Mstari.

Unaonyesha sehemu ya kitu kizima, na sehemu ni mbili au tatu? Chati duara inaruhusiwa, ila mimi napendelea vichwa 100. Chora watu 100, kumi kwa kumi, paka rangi wale unaowataka. Kwa mfano kati ya Watanzania 100, watatu wanaishi Zanzibar na 97 Bara. Mtu yeyote anahesabu vichwa vitatu, hata ambaye asilimia zilimpiga chenga shuleni.

Namba ni moja tu? Basi usichore chati! Iandike kubwa, milioni 61.7, weka maneno machache chini yake, umemaliza.

Ramani je? Ramani inavutia kila mtu na ndiyo maana inawadanganya wengi. Dar ndio mkoa mdogo kuliko yote ya Bara kwa eneo lakini ndio una watu wengi kuliko yote, kwa hiyo ukipaka rangi ramani ya Tanzania Dar inakuwa kidoa huku Tabora limekaa katikati ya nchi kama shuka. Jicho linaenda kwenye shuka. Tumia ramani pale ambapo "wapi" ndilo swali lenyewe, mfano visima viko wapi na watu wanatembea umbali gani. Daktari John Snow mwaka 1854 pale London alichora ramani ya vifo vya kipindupindu mtaa kwa mtaa, vifo vikaonekana vimejikusanya kuzunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Ile ilistahili ramani. Yako ya "mikoa mitano yenye watu wengi" inastahili baa.

Na chati duara ya vipande vingi nakuomba uache. Mimi niliwahi kutengeneza duara la mikoa yote, vipande 31, rangi 31, nikaliona zuri kwelikweli nikaliweka kwenye projekta mbele ya watu. Mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele akanyoosha mkono taratibu, "Samahani mwanangu, hiyo bluu ni Songwe au Simiyu?" Nikaangalia, na mimi mwenyewe sikujua. Kulikuwa na bluu nne. Tangu siku hiyo nimeacha. Sababu ni kwamba jicho la binadamu linapima urefu vizuri sana lakini linapima upana wa pembe vibaya, watafiti wa takwimu Cleveland na McGill walilijaribisha hili kwa watu na wakaliandika 1984, sema mimi nilifundishwa na yule mama.

Hatua ya 4: Chora kwa penseli

Rula yako iko wapi? Chukua kipimo hiki: sentimita 1 ni watu laki 5. Dar inakuwa sm 10.8, Mwanza 7.4, Tabora 6.8, Morogoro 6.4, Dodoma 6.2. Chora baa tano zinazolala, zote zianzie kwenye mstari mmoja kushoto.

Dakika tano tu hizo, na tayari umeshaona kitu ambacho kwenye jedwali hukukiona: Dar iko peke yake, wale wanne wengine wanakaribiana wanasukumana. Labda sasa hivi unataka kubadilisha sentensi yako. Badilisha! Ndio faida ya penseli, ukishafika Canva na ukaweka vivuli na aikoni (vile vipicha vidogo) hautakuwa na moyo wa kubadilisha chochote.

Kwenye karatasi hiyohiyo weka boksi la kichwa cha habari juu, na kamstari kadogo ka chanzo chini. Hiyo ndiyo infografiki yako. Zilizobaki ni kuisafisha.

Hatua ya 5: Itengeneze kwenye Excel au Sheets

1. Panga namba kwa ukubwa, siyo kwa alfabeti. Alfabeti ni ya daftari la mahudhurio.

2. Chagua safu zote mbili, ingiza chati ya baa za kulala. Ukiwa Excel utashangaa mkubwa uliyemuweka juu anatokea chini kabisa, ndivyo Excel ilivyo, wala hujakosea, wewe panga jedwali kuanzia mdogo kwenda mkubwa na chati itakaa sawa.

3. Angalia mstari wa namba unaanzia wapi. Kwa baa lazima uanzie sifuri. Narudia kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganya, wengine kwa makusudi. Chukua jinsia: wanawake 51 kati ya 100, wanaume 49. Ukianzia 48 badala ya 0, baa ya wanawake inakuwa na urefu wa 3 na ya wanaume urefu wa 1. Picha inasema wanawake ni mara tatu ya wanaume! Namba zimeandikwa sahihi kabisa, picha inasema uongo, na watu wanakumbuka picha. Chati ya mstari ina ruhusa ya kuanzia juu kidogo kwa sababu pale jicho linafuata mwinuko, ila baa hapana.

4. Futa mistari ya nyuma, futa fremu, futa kivuli. Ile mitindo ya baa zinazotoka nje kama matofali usiiguse, baa ya mbele inaziba ya nyuma na hakuna anayejua juu yake panaishia wapi.

5. Andika namba kwenye baa yenyewe, kisha futa ule mstari wa namba wa chini maana hauna kazi tena. Andika "milioni 5.4" na wala siyo 5,383,728. Zile tarakimu ndefu ziache kwenye jedwali, ukutani mtu anataka kusoma na kupita.

6. Rangi mbili. Moja iliyokolea kwa kile ambacho sentensi yako inakitaja, kijivu kwa vilivyobaki. Ukiweka mikoa 31 yote, mitano iwe bluu na 26 kijivu, hauhitaji hata kueleza.

Nyekundu na kijani usizitumie kama wapinzani, kuna watu, na wengi wao ni wanaume, macho yao hayazitofautishi vizuri na hawatakuambia. Bluu na chungwa ni salama.

Ukichora miaka, soma hapa kwanza

Hii naipa nafasi yake maana nimeiona hata kwenye ripoti za watu wakubwa. Sensa za Tanzania zimefanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hesabu mapengo: 11, 10, 14, 10, 10. Hayalingani. Lakini ukichukua chati ya mstari ya kawaida ya Excel, miaka ikiwa imekaa kama majina tu, yenyewe inaipanga kwa nafasi sawa kama viti vya harusini.

Shida yake? Kati ya 1988 na 2002 tuliongezeka kutoka milioni 23.1 mpaka 34.4, yaani milioni 11.3. Kati ya 2002 na 2012 tukatoka 34.4 mpaka 44.9, milioni 10.5. Nafasi zikiwa sawa, mstari unapoa, msomaji anasema "aa kumbe kasi ilipungua". Kwa idadi ya watu wanaoongezeka kila mwaka, haikupungua! Zile 11.3 zilichukua miaka 14, ambayo ni kama laki 8 kwa mwaka, na zile 10.5 zilichukua miaka 10, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Yaani chati imekupa jibu kinyume kabisa na hakuna namba hata moja iliyokosewa.

Dawa: chagua aina ya chati inayoitwa Scatter, ile yenye mistari ya kuunganisha nukta, yenyewe inauchukulia mwaka kama namba na inaacha pengo la miaka 14 liwe kubwa kweli. Basi.

Na ukiwa hapohapo kwenye ukuaji, usichanganye asilimia za mwaka na za miaka kumi. Kutoka 2012 mpaka 2022 tumeongezeka watu 16,812,197, ambayo ni asilimia 37 kwa miaka kumi. Kasi ya kila mwaka ni asilimia 3.2. Zote ni kweli, ila ukiandika moja bila kusema ni ya muda gani kuna mtu atazidisha au atagawanya na atakutukana.

Hatua ya 6: Ipeleke Canva

Anza na saizi, usianze na templeti. Ya status ni 1080 kwa 1920, ya posti mraba 1080 kwa 1080, ya ukutani A4 au A3. Amua inaenda wapi kwanza, maana picha ya A3 ukiiweka status maandishi yanakuwa sisimizi.

Ingiza chati yako (ihifadhi kama PNG kutoka Excel au Datawrapper), halafu juu yake weka ile sentensi ya hatua ya 1. Ndiyo, ileile. Kichwa cha habari kiseme jibu. "Watu 30 kati ya 100 wanaishi mikoa mitano", hata mtu akiishia hapo ameshapata kitu.

Fonti moja, unene wa aina mbili, mzito wa kichwa na mwepesi wa mengine. Kwenye picha ya upana wa 1080 mimi sishuki chini ya saizi 30 hata kwa chanzo. Acha nafasi tupu pembeni, nafasi tupu haikatwi kodi.

Aikoni weka zikifanya kazi, na hapa kuna uongo mwingine wa kuukwepa. Watu wanapenda kuchora kamtu kadogo 2002 na jitu kubwa 2022. Tulikuwa milioni 34.4, tukawa 61.7, yaani kama mara 1.8. Sasa ukivuta pembe ya aikoni iwe ndefu mara 1.8 inapanuka pia mara 1.8, na eneo lake linakuwa mara 3.2! Jicho linaona jitu limezidi mara tatu. Ukitaka kutumia watu, rudia kamtu kalekale, kila kamoja ni watu milioni 5: 2002 vimtu saba, 2022 vimtu kumi na mbili na kipande. Hapo umeonyesha ukweli na aikoni zako umezitumia.

Chini kabisa: *Chanzo: NBS, Sensa ya Watu na Makazi 2022.* Isikosekane hata kama logo haitatosha.

Hatua ya 7: Mjaribishie mtu

Mpe simu, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, mnyang'anye. Muulize "inasemaje?" Usimsaidie, usimwambie "si unaona hapo juu", kaa kimya hata kama inauma. Akisema kitu kinachokaribiana na sentensi yako, umepita. Akisema "ni nzuri, ina rangi nzuri", umefeli, rudi hatua ya 5 upunguze vitu. Mara nyingi kupunguza ndio dawa, ni mara chache sana nimewahi kurekebisha kwa kuongeza.

Hatua ya 8: Itoe na uitume

PNG kwa mitandaoni, PDF kwa kuprinti. WhatsApp inakandamiza picha, kwa hiyo ukitaka ifike na ubora wake itume kama dokumenti, usiitume kama picha ya kawaida. Ukienda steshenari kuprinti, printi kopi moja kwanza uione, bluu ya kwenye skrini na bluu ya wino ni ndugu ila siyo mapacha. Na kama itatolewa kopi nyeusi na nyeupe, ambayo kwa ofisi zetu ndio kawaida, ijaribu hivyo kabisa mapema uone kama baa yako muhimu bado inaonekana nzito kuliko nyingine.

Ikigoma: matatizo ninayoulizwa sana

*Nimekopi namba kutoka PDF, nikijumlisha napata 0.* Namba zako zimeingia kama maandishi. Utazijua zimeegemea kushoto ndani ya seli, namba halisi huegemea kulia. Tafuta na uondoe mikato na nafasi zilizojificha, Excel ina Find and Replace, weka mkato kwenye kutafuta na uache tupu kwenye kubadilisha. Ikiwa ni namba kumi tu ziandike upya kwa mkono, utamaliza haraka kuliko kupambana.

*5.4 yangu imekuwa tarehe, 5 Aprili.* Mipangilio ya lugha ya Excel yako inatumia mkato badala ya nukta. Angalia kwenye mipangilio ya kompyuta nukta imewekwa kuwa nini.

*Picha inakuwa na ukungu nikiikuza.* Umepiga skrinshoti ya chati badala ya kuihifadhi. Bofya chati kitufe cha kulia uihifadhi kama picha. Kama bado, ikuze kwanza ndani ya Excel halafu ndio uihifadhi.

*Kuna namba moja kubwa mno, nyingine zote zinaonekana kama mistari.* Usiikate baa katikati kwa kale kamkunjo ka zigizaga, hakuna anayekaelewa. Tengeneza chati mbili, ya kwanza inaonyesha huyo mkubwa dhidi ya wote, ya pili inawaonyesha waliobaki peke yao, na uandike wazi kwamba vipimo vimebadilika.

*Namba zangu ni chache, kikoba kina watu 25.* Basi acha asilimia. "Wanachama 3 kati ya 25 hawajarejesha" inaeleweka kuliko asilimia 12, na haimfanyi mtu afikiri mnazungumzia maelfu. Majina yao usiyaweke, mnajuana.

*Sina bando la Canva.* Fanya yote ndani ya PowerPoint au WPS, badilisha saizi ya slaidi iwe unayoitaka, weka chati, weka sentensi, hifadhi kama picha. Nimefanya hivyo miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza nilitumia nini.

*Bosi anataka kila kitu kiwemo, jinsia, umri, kaya, mikoa, wilaya.* Hili haliko kwenye programu. Mimi hufanya hivi: namtengenezea picha ya sentensi moja, halafu nyuma yake, ukurasa wa pili, naweka jedwali zima lenye kila kitu alichotaka. Anaridhika kwamba vyote vipo. Wanaobandika ukutani wanabandika ukurasa wa kwanza.